Kitabu cha kielektroniki ulicholipia si lazima kiwe chako

Wengi wanaotaka kisomeo, yaani kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kichukue nafasi ya rafu ya vitabu huamini kwamba ukilipia kitabu cha Kindle, kisomeo cha kampuni ya Amazon, umekinunua, sawa na kile cha karatasi. Sivyo. Unacholipia ni leseni ya kukisoma, tena imefungwa kwenye akaunti yako: huwezi kukiuza wala kumgawia jirani.

Mwaka 2009 Amazon ilifuta riwaya mbili za George Orwell kwenye vifaa vya wateja, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu havikufunguka tena. Kisa ni kufuli la kidijitali, DRM: programu huomba ruhusa kwenye seva ya muuzaji, yaani kompyuta yake ya mtandaoni, na seva ikizimwa, faili ulilo nalo halikusaidii kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma maelezo ya kitabu. Kama hakina DRM, pakua faili la EPUB (aina ya faili ya vitabu vya kielektroniki), lihifadhi kwenye kompyuta na kwenye flashi, kisha zima intaneti na ulifungue kwa programu isiyo ya muuzaji huyo. Likikataa, kufuli lipo.

Riwaya ya kusoma mara moja, leseni inatosha kabisa. Kamusi, au kitabu cha kiada kitakachorithiwa na wadogo zako watatu, nunua cha karatasi, na ukitie jalada la nailoni mapema kabla kona hazijakunjika.