Programu "kupitishwa dukani" maana yake nini?

Umetengeneza programu ya kuonyesha bei za minada ya korosho. Kwenye simu yako inafanya kazi vizuri, lakini mwenzako wa Tandahimba akiitafuta Play Store haioni. Bado haijapitishwa.

Kupitishwa ni wenye duka kuikagua programu na kuiruhusu kabla watu hawajaipakua. Mkulima wa korosho halimpi shida jambo hili: mzigo hupimwa na kupangwa daraja ghalani ndipo uende mnadani. Tofauti ni kwamba korosho ya daraja la pili nayo huuzwa, ila programu ama inapita, ama inarudi kwako.

Wazo lako kuwa zuri si hoja yao. Wanatazama kama programu inafunguka bila kujizima, kama inafanya ulichoandika kwenye maelezo, na inachukua taarifa gani za mtu. Programu ya bei za korosho inayotaka kusoma majina yote kwenye simu ya mkulima lazima izue maswali. Sera ya faragha iandikwe. Kama kuna kuingia kwa nywila, mpe mkaguzi akaunti ya majaribio. Asipoweza kuingia atakagua nini? Ukikataliwa, unatajiwa kanuni uliyoivunja. Unarekebisha, unatuma tena.

Ada: Google dola 25 mara moja tu, Apple dola 99 kila mwaka. Kwa wakulima wa huku ningeanza na Android, iPhone ingoje.

Pagumu zaidi, kwa maoni yangu, ni majaribio. Akaunti binafsi ya kutolea programu kwa Google iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inadaiwa watu 12 walioijaribu programu siku 14 mfululizo. Awali walitakiwa 20. Kila mmoja hujiunga kwa akaunti yake ya Google na asijitoe katikati. Kupata watu 12 Mtwara si kazi. Kazi ni wabaki wote wiki mbili, maana yupo atakayebadili simu na yupo atakayeifuta programu apate nafasi ya picha. Chukua hata 18. Akaunti ya kampuni haidaiwi sharti hili.

Siku hizo zikiisha ndipo unaomba ruhusa ya kuitoa kwa umma, na majibu nayo huchukua siku kadhaa. Anayetaka iwe hewani minada ikianza Oktoba, wajaribu wake awatafute Agosti.