Mboga zilizosahaulika nyuma ya sufuria

Kazi yangu ni hifadhi ya chakula, na huanzia kwenye pipa la taka. Nikiitwa kwenye jiko, liwe la familia au la mgahawa, naomba taka za juma zima. Nazimwaga juu ya turubai, nazichambua, nazipima: maganda na mifupa huku, kilichokuwa kinalika kule. Fungu la pili ndilo huwanyamazisha watu. Mkate haujakatwa hata kipande. Mboga za majani bado zina kamba zilizofungiwa sokoni. Wali uliopakuliwa umerudi na alama ya kijiko kimoja.

Hakuna aliyekusudia kuvitupa. Nasisitiza hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu chakula kinachotupwa huishia kwenye lawama, nami sijaona lawama ikipunguza uzito wa pipa. Nikiuliza zile mboga zilipatwa na nini, jibu ni lile lile: zilikuwa nyuma ya sufuria, zikasahaulika. Chakula kilikuwepo, mlaji naye alikuwepo, lakini hawakuonana mapema.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu moja ya tano ya kile kilichokuwa tayari kwa walaji. Asilimia 60 ilitoka majumbani. Maduka, ambayo wengi huyanyooshea kidole kwanza, yalichangia asilimia 12. Na hapo hatujahesabu kinachoharibika kati ya shamba na duka.

Kwa hiyo naanza na friji. Rafu ya mbele, usawa wa macho, iwe ya vitu vinavyotakiwa kuliwa kwanza, na viporo viwekwe kwenye vyombo vinavyoonyesha kilichomo. Ndizi, parachichi na nyanya zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huivisha haraka matunda jirani na kuzigeuza mboga za majani kuwa manjano, zitenganishe. Chakula kilichopikwa kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kikiwa kimetandazwa kwenye vyombo vifupi ili kipoe upesi. Kwenye wali sina mzaha hata kidogo: mbegu za bakteria fulani hustahimili kupikwa, na wali ukiachwa mezani usiku kucha, bakteria hao huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali wa namna hiyo utupwe, hata kama moyo unauma.

Maandishi kwenye vifungashio nayo yamemwaga chakula kingi kizuri. "Tumia kabla ya" ni onyo la usalama, liheshimu. "Bora kabla ya" inazungumzia ladha na ubora tu. Siku hiyo ikipita, biskuti zako hazijageuka sumu.

Lakini hata familia makini hupata ziada, na mkulima hupata zaidi. Hapa ndipo mitandao ya chakula ya jirani inaponivutia kuliko mashine yoyote ya kisasa. Mboga hupoteza maji tangu dakika inapokatwa. Mkulima anayepokea oda jioni na kuvuna alfajiri, kwa kiasi kilichoombwa, hana mzigo wa kunyauka njiani. Mnunuzi wake akimfahamu, hata karoti iliyopinda huliwa, kwa sababu hakuna mtu wa katikati wa kuikataa kwa sura.

Nimekaa na vikundi kadhaa vya kugawana ziada, na tofauti kati ya kinachodumu na kinachokufa mara nyingi ni ujumbe wa simu. "Kuna mkate umebaki" haumwinui mtu kwenye kiti. "Mikate kumi na miwili, imeokwa leo asubuhi, ichukuliwe kabla ya saa mbili usiku" huleta mtu na kikapu. Pawepo pia mmoja anayejulikana kwa zamu, mwenye ufunguo na usafiri. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016 inayozuia maduka makubwa kuharibu chakula kinachofaa kuliwa na kuyataka yaingie mikataba na mashirika ya misaada. Naiunga mkono kabisa, ila bado kreti lazima libebwe na mtu kabla maziwa hayajachacha.

Anayetoa aseme kweli: kilipikwa lini, kilihifadhiwa wapi. Nikiwa zamu napokea matunda yenye madoa bila kusita, lakini chakula kilichopikwa ambacho mwenyewe hajui kimekaa nje muda gani nakirudisha. Anayekula cha bure anastahili usalama ule ule wa anayelipa.

Kwa wanaotaka kuanza, siombi mabadiliko yoyote katika juma la kwanza. Pimeni tu, kila siku, muandike ni nini na kwa nini kilitupwa. Juma la pili nakuja na mizani ile ile, tunafungua friji pamoja, na tunaanza na rafu ya nyuma.