Kadi ya gemu kwa Dell ya ofisini: anza na kasha

Mteja akiniuliza, "Fundi, kadi gani nzuri kwa gemu?" yaani kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini, namrudishia swali: mashine yako ni ipi? Kompyuta nyingi tunazochezea gemu mtaani hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, mtumba wa maofisini, mara nyingi zikiwa na Core i5 ya kizazi cha nne au cha sita. Prosesa bado inajiweza. Kinachoikwamisha ni grafiki ya Intel iliyomo ndani yake, ambayo haina kumbukumbu yake na hukopa ramu ya mashine.

Kabla hujatoa hela, fanya jaribio moja la bure. Fungua gemu inayokusumbua, kisha shusha resolusheni hadi 1280 kwa 720. Fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zikipanda sana, grafiki ndiyo tatizo. Zikibaki palepale, prosesa au ramu ndiyo imeelemewa, na kadi mpya itakaa bure. Mwenye ramu ya GB 4 aongeze kipande kingine kwanza.

Haya, fungua kasha. Tuchukue mfano wa OptiPlex 9020: ya mnara ina pawa saplai ya wati 290, ile nyembamba ina wati 255, na zote hazina ule waya wa pini sita wa kulisha kadi kubwa. Maana yake kadi yako itakula umeme wa kwenye sloti inamochomekwa peke yake, na sloti hiyo ndefu, iitwayo PCIe, kwa kawaida hutoa hadi wati 75. Huo ndio mpaka wako, hata uwe na hela kiasi gani. Kadi ya RX 580 yenye kumbukumbu ya GB 8 inavutia kweli, hasa baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kutumia kadi Septemba 2022 na kadi za wachimbaji kumwagika sokoni. Lakini inakula wati 185. Si yako.

Kuna wanaouza kiunganishi cha kugeuza waya wa SATA, ule wa kulisha diski, kuwa pini sita. Kiache dukani. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 tu kwenye laini ya volti 12. Ukiidai zaidi ya hapo inapata moto hadi plastiki inayeyuka. Kubadili pawa saplai nzima nako kuna kasheshe, maana madabodi (bodi kuu) ya 9020 inatumia plagi ya pini nane badala ya ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo unatafuta tena waya wa kugeuzia. Kwenye kasha jembamba saplai ya kawaida haiingii kabisa. Na kasha jembamba linataka kadi fupi yenye bati fupi la nyuma. Kwenye boksi huandikwa "Low Profile". Vikompyuta vidogo kabisa vya ofisini, vya kushika mkononi, havina sloti ya kadi, usihangaike navyo.

Ndani ya wati 75, mimi ningeanza na RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024. Inakula wati 70 na ipo ya kimo kifupi. Angalia hiyo GB 6 vizuri, kwa sababu kuna RTX 3050 ya GB 8 inayokula wati 130 na inataka waya wake. Jina moja, kadi mbili tofauti.

Hela isipofika, GTX 1650 ya mwaka 2019 bado inacheza GTA V na mpira vizuri kwenye skrini ya 1080p, ingawa GB 4 zake zinabana kwenye gemu mpya. Hapa napo kuna mtego: baadhi ya watengenezaji wameiwekea tundu la pini sita. Omba picha ya ukingo wa juu wa kadi kabla ya kulipa.

RX 6400 ina wati 53 tu na ni fupi, lakini inatumia njia nne tu za data za PCIe. Kwenye mashine ya kizazi cha nne, yenye PCIe 3.0, njia hizo zinabeba nusu ya ilivyokusudiwa, na kumbukumbu ya kadi ikijaa utaona gemu inashtuka-shtuka. Pia haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu mubashara prosesa yake itateseka. Arc A380 ya Intel inategemea Resizable BAR, uwezo wa prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, kitu ambacho madabodi hizi za zamani kwa kawaida hazina. Ipite.

GTX 1050 Ti naipenda, lakini Nvidia ilifunga draiva mpya za gemu kwa kizazi hicho Oktoba 2025, na sasa yamebaki marekebisho ya usalama tu. Inunue kama bei ni ya kutupa. GT 1030 ya DDR4, yenye kumbukumbu ya polepole, hata ya kupewa ningefikiria mara mbili.

Sasa suala la skrini, ambalo watu hulikumbuka wakishafika nyumbani. Monita nyingi za mtumba zina tundu la VGA tu, na kadi nilizotaja zinatoa HDMI, DisplayPort au DVI. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani. Kile kiplagi cha DVI kisicho na chipu hakitafanya kitu. Na ukikuta "GTX 1050 Ti" ya bei poa yenye tundu la VGA la bluu, shtuka. Kizazi hicho hakitoi mawimbi ya VGA, na kadi za namna hiyo mara nyingi ni GTS 450 ya mwaka 2010 iliyobadilishwa jina kwenye BIOS, programu ya ndani ya kadi. Windows itaamini. Programu ya GPU-Z haidanganyiki kirahisi, huandika FAKE mbele ya jina, kwa hiyo ibebe kwenye flashi na uiendeshe palepale dukani.

Kuhusu bei nina kanuni moja: kadi isizidi bei ya mashine yenyewe. Ikizidi, uza mashine utafute yenye pawa saplai ya kawaida.

Ukishafunga, chomeka monita kwenye kadi, siyo kwenye tundu la zamani la madabodi. Wanaorudi kwangu wakisema kadi ni mbovu, hapo ndipo ninapoanza kuangalia.