Kitabu cha Kiingereza kwa wanafunzi wa uhandisi? Anzia karakana

Kila mwaka wa masomo ukikaribia kuanza, wenzangu huniuliza: mwalimu, kitabu gani cha Kiingereza kinawafaa wanafunzi wa umeme na makenika? Wanachotaka ni jina la kitabu na bei yake. Mimi huwauliza kwanza: vijana hawa wakishaajiriwa, watashika karatasi gani?

Hapa Unguja jawabu halifichiki. Anayesomea umeme chuoni Mbweni huenda akaajiriwa kwenye vituo vya kupozea umeme unaotoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Au atakwenda kwenye hoteli ya Nungwi, akatunze jenereta na mtambo wa kutoa chumvi kwenye maji. Kokote atakakokwenda, atasoma kibati cha mota (kile kibao kidogo chenye vipimo vyake), mchoro wa nyaya, mwongozo wa matengenezo, onyo la usalama na fomu ya kuagiza vipuri. Barua ya kumsimulia rafiki mambo ya likizo, inayojaza kurasa za vitabu vingi, haimo.

Mimi huanza na kibati. Kina volti, ampea, kilowati, hezi 50 na mizunguko kwa dakika, wala hakina hata sentensi moja. Ndiyo maana nakipenda. Mwanafunzi mmoja anakiona, mwenzake hakioni, na huyu wa pili lazima aulize kwa Kiingereza mpaka jedwali lake lijae. Baadaye wote wawili wanaandika aya ya kumweleza mnunuzi mota hiyo inafaa pampu gani. Kibati sikukirahisisha, ugumu nimeupima kwenye kazi niliyowapa. Walimu wengi hufanya kinyume: wanauandika upya mwongozo kwa Kiingereza chepesi, basi mwanafunzi anamaliza chuo hajawahi kupambana na mwongozo wenyewe. Na miongozo haina shida kupatikana, viwanda vingi vinaiweka bure kwenye tovuti zao.

Wepesi nauweka kwenye kuandika. Mafundi wa ndege wana kanuni za Kiingereza rahisi, ASD-STE100, zilizoanza miaka ya 1980: sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25. Mpe mwanafunzi ukurasa mbovu wa mwongozo wa pampu (hutakosa, ipo tele) aunyooshe kwa kanuni hizo. Atajifunza sarufi nyingi kuliko kwa mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Kwenye msamiati, sijisumbui sana na majina ya vifaa. Hayo mwalimu wa karakana keshawapa, na wengine wananifundisha mimi. Kinachowakwamisha ni maneno ya kujengea hoja kwenye ripoti. Wengi hukimbilia orodha ya mtafiti wa msamiati Averil Coxhead ya mwaka 2000, yenye familia 570 za maneno ya kitaaluma. Ni nzuri kuanzia, lakini ilitokana na maandishi ya sanaa, biashara, sheria na sayansi. Uhandisi haukuwa fani mojawapo. Kwa hiyo chukua ripoti za mafunzo kwa vitendo za miaka iliyopita, futa majina ya waandishi, utafute humo maneno yanayorudi na yanayokosewa.

Kitabu cha dukani nacho kina nafasi yake: nakala chache za sarufi rafuni zinatosha, kila mmoja akope anapokwama.

Sauti za mazoezi ya kusikiliza ndizo ngumu kupata. Kaseti na diski zinazokuja na vitabu zimejaa lafudhi ya London, ilhali kwenye ujenzi wa hapa kijana atapokea maagizo kutoka kwa Mturuki, Mchina au Mhindi. Kama kuna mhandisi mgeni aliye tayari, muombe aeleze kazi moja kwa dakika tano, umrekodi kwa simu kwa idhini yake. Kelele za mashine nyuma yake usizifute.