Marseille: Kwanza Uliza Upepo

Ujumbe ninaoupata kuliko mwingine wowote ni huu: "Dada, nina siku mbili Marseille, nizipange vipi?" Jibu langu huwaudhi watu, maana nami nauliza: siku zipi hizo, na upepo utakuwaje?

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Nilianzia Mji Mkongwe, Unguja, kisha maisha yakanileta huku kusini mwa Ufaransa, na leo kibali changu cha kuongoza watalii kimeandikwa kwa Kifaransa. Marseille ni mji wa pili kwa ukubwa nchini, una watu zaidi ya 850,000, na ulianzishwa na mabaharia wa Kigiriki kiasi cha miaka 600 kabla ya Kristo. Mtandaoni utakuta orodha za vivutio kumi, vivutio ishirini. Sizipingi. Ila orodha haikwambii ufanye nini asubuhi ukifungua dirisha na kitasa kikakuchomoka mkononi.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipeleka familia ya watu saba kutoka Mombasa gatini Vieux-Port, yaani bandari ya zamani, tiketi za boti ya kisiwani zimo mkobani. Jua linawaka, mbingu buluu, wingu hata la dawa hulioni. Bibi yao baibui limejaa upepo kama tanga, na mimi bado najifanya mambo ni mazuri. Ubaoni wameandika: leo hakuna safari. Utabiri sikuutazama hata kidogo. Nilidhani upepo mbaya ni ule unaokuja na wingu jeusi, kama kwetu.

Huu wa hapa unaitwa mistral, nao mawingu huyafukuza. Huvuma kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi. Hewa baridi hubanwa katika bonde la mto Rhône, milima ya Alps upande mmoja na nyanda za juu za Massif Central upande wa pili, ikitokea huku chini inatoka kwa kasi kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Siku mbaya unapita kilomita 100 kwa saa. Wenyeji wanasema ukianza huvuma siku tatu, sita au tisa. Mimi nimeona wa siku moja na nimeona wa wiki, lakini mzee wa Marseille hubishani naye juu ya upepo wake.

Na una hila nyingine inayowapata hata Wafaransa wa Paris. Umeogelea Jumatatu ya mwezi wa Julai, maji matamu. Jumanne ukavuma. Jumatano umetulia, jua kali, unajitosa, unatoka unatetemeka midomo. Sababu ni kwamba mistral husukuma maji ya juu, yaliyopashwa na jua, kuelekea bahari kuu. Maji ya kilindini hupanda kuziba nafasi, nayo ni baridi. Joto la bahari linaweza kushuka nyuzi tano au zaidi kwa siku moja mbili. Kwa hiyo ukija na watoto wanaotaka bahari, usiulize tu upepo wa leo, uliza na wa juzi.

Basi tuseme umeamka na hakuna upepo. Usilale. Kabla ya saa tatu asubuhi uwe mwisho wa Vieux-Port, karibu na lile paa kubwa la chuma linalong'aa kama kioo, la Norman Foster, lililowekwa mwaka 2013 (simama chini yake utazame juu, utajiona umening'inia kichwa chini pamoja na bandari nzima). Hapo wavuvi na wake zao huuza samaki kwenye meza za buluu. Soko ni dogo. Mtu wa Darajani au Feri atacheka. Lakini samaki wako hai, pweza anapanda ukingo wa beseni, muuzaji anamrudisha kwa mkono mmoja huku anahesabu chenji kwa mwingine. Kisha panda kivuko kidogo kinachovuka bandari kutoka jengo la manispaa. Ni mita 283 tu, na kivuko kimekuwapo hapo tangu mwaka 1880. Hakuna safari fupi ya bahari ninayoipenda zaidi.

Baada ya hapo, boti za visiwani. Wageni wengi wanataka kisiwa cha If kwa sababu ya ngome yake iliyogeuzwa jela, na mfungwa wa riwaya ya Count of Monte Cristo aliyeipa sifa. Mimi nawasimulia kifaru. Mwaka 1516, kabla ngome haijajengwa, mfalme wa Ureno alimpelekea Papa zawadi ya kifaru kutoka India, na meli ikatia nanga hapo. Mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa, aliyekuwa karibu, akaenda kumtazama. Meli ilipoendelea na safari ilizama pwani ya Italia, kifaru akazama nayo. Miaka michache baadaye François akaamuru ngome ijengwe kisiwani. Jirani kuna visiwa vya Frioul, ambako ndiko ninakokushauri ukae zaidi: mawe meupe, vighuba vya maji safi, na magofu ya zamani ya karantini. Karantini hiyo haikuwa mchezo. Mwaka 1720 meli ya Grand-Saint-Antoine ilileta tauni kutoka Mashariki, bidhaa zikashushwa kabla ya wakati wake, na mji ukapoteza karibu nusu ya watu wake.

Calanques, zile ghuba nyembamba zilizochongeka katikati ya majabali ya chokaa, zina sheria zake, na hapo ndipo wageni wanapopigwa faini au kurudishwa. Tangu mwaka 2012 eneo hilo ni hifadhi ya taifa. Kuanzia Juni hadi Septemba ruhusa ya kuingia hutolewa siku kwa siku kufuatana na hatari ya moto, maana mistral na msonobari uliokauka wakikutana, kiberiti kimoja kinatosha. Ramani ya kesho hutolewa jioni ya leo. Ukiona nyekundu, hakuna kuingia, hata kama umetoka Arusha. Na ghuba ya Sugiton inataka uandikishe nafasi kabla, bure, kwa siku za kiangazi: watu 400 tu kwa siku, kwa kuwa hapo awali walifika hata 2,500 na udongo ukawa unaporomoka na mizizi ya miti kubaki nje. Njia inaanzia chuo kikuu cha Luminy. Chukua maji lita mbili na viatu. Kandambili hapana. Narudia, kandambili hapana.

Siku ya upepo nenda Le Panier. Ni mtaa mkongwe juu ya bandari, na vichochoro vyake vinapindapinda kama vya Shangani, mistral haupati pa kunyooka. Ukipanda kutoka bandarini utashangaa majengo ya chini ni mapya, yamejipanga kama askari. Hapo palikuwa na mtaa mwingine. Januari 1943 Wajerumani, wakisaidiwa na polisi wa Ufaransa, waliwaondoa watu kama 20,000, kisha wakalipua nyumba zao kwa baruti, mtaa mzima. Mwishoni mwa mteremko lipo jengo la Vieille Charité, lililoanza kujengwa mwaka 1671 kwa ajili ya kuwafungia maskini na ombaomba. Mchoraji wake, Pierre Puget, alikuwa mzaliwa wa mtaa huo huo. Kaa kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili saa kumi jioni, jiwe linapogeuka rangi ya waridi, na upepo unausikia juu ya paa tu.

Karibu na hapo, ukingoni mwa maji, kuna nakala ya pango la Cosquer, iliyofunguliwa mwaka 2022. Pango lenyewe limo chini ya majabali ya Calanques, mlango wake mita 37 chini ya uso wa bahari. Mzamiaji Henri Cosquer aliligundua mwaka 1985. Ndani yake kuna farasi, alama za mikono na ndege wa baharini, vilivyochorwa wakati bahari ilikuwa chini sana kuliko leo na mtu aliweza kuingia kwa miguu. Ni ghali kidogo, na watoto hulipenda kuliko makumbusho ya MuCEM ya jirani. MuCEM mimi napenda jengo lake, hasa lile daraja jembamba la kwenda Fort Saint-Jean, ambalo unavuka bure. Shika kofia.

Sasa chakula, kwa kuwa nayajua maswali yenu. Bouillabaisse ni mchuzi wa samaki, na jina lake kwa Kiprovansi ni kama amri ya mpishi: ukichemka, punguza moto. Ulianza kwa wavuvi waliochemsha samaki wa mawe, wenye miiba na sura mbaya, waliokosa mnunuzi. Leo mikahawa inayofuata mkataba wa mwaka 1980 inatakiwa itie samaki wa aina nne au zaidi, pamoja na zafarani na shamari, na samaki wakatwe mbele yako. Mchuzi unaletwa kwanza na mkate mkavu, samaki baadaye. Bei ni zaidi ya euro 60 kwa kichwa. Ukiuziwa kwa 20, umeuziwa supu, na supu si mbaya, ila usiiite bouillabaisse. Mimi nikiwa na pesa zangu mwenyewe naenda mtaa wa L'Estaque kula panisse: unga wa dengu, ule ule wa bajia, unasongwa kama ugali, unapoa, unakatwa vipande na kukaangwa. Pilipili na chumvi, kwenye karatasi.

Zawadi ya kurudi nayo ni sabuni, na hapa nisikilizeni, maana soko limejaa udanganyifu. Mwaka 1688 mfalme Louis wa 14 aliamuru sabuni ya Marseille ipikwe kwa mafuta ya zeituni tu. Karne ya 19 viwanda vikakua, zeituni hazikutosha, na meli zikaanza kuleta mbegu za mafuta kutoka mbali. Pwani yetu nayo ikaingia humo: wafanyabiashara wa Marseille walikuwa Unguja katikati ya karne hiyo, wakinunua ufuta wa mwambao na mbata. Nikishika kipande cha sabuni nyeupe huwa nawaza minazi yetu. Ya kweli haina manukato wala rangi ya urujuani. Ni ya kijani iliyofifia, au nyeupe inayoelekea maziwa, imepikwa kwenye masufuria makubwa zaidi ya wiki nzima, na imepigwa muhuri wa 72%, yaani kiasi cha mafuta. Inanuka kama nguo safi, basi. Ile yenye harufu ya vanila uliyoiona gatini waachie wenyewe.

Halafu nenda mtaa wa Noailles. Usiende na kamera mkononi. Nenda na kikapu. Soko la Capucins lina mihogo, bamia, ndizi za kupika, na nyama ya halali hutaitafuta. Mtaa wa jirani, rue d'Aubagne, nyumba mbili zilianguka tarehe 5 Novemba 2018 na kuua watu wanane. Watu hawajasahau, tembea pale kwa adabu.

Mara yangu ya kwanza sokoni nilinunua majani ya muhogo kwa mama mmoja aliyevaa shiromani. Nilipompa pesa akaniambia, "Marahaba." Nikaduwaa. Mimi nimezoea marahaba ni jibu la shikamoo, na shikamoo sikutoa. Nikaona amenikumbusha adabu kijanja, nikaitoa haraka haraka. Akacheka hadi akakaa. Kwa Wangazija, watu wa Komoro, marahaba ni asante. Shikamoo yao ni "kwezi", nayo hujibiwa "mbona". Wangazija wa Marseille ni makumi ya maelfu. Wa mwanzo walikuja wakifanya kazi kwenye meli zilizopita Mombasa na Unguja kuelekea Suez, wengine kwenye joto la chumba cha mashine, na mji huu ukawa gati lao la mwisho. Wana misikiti yao, sherehe za ndoa kubwa zinazojaza kumbi, na mwanamuziki Soprano, mtoto wa mji huu. Kisamvu chao kinaitwa mataba. Ukipata mwaliko wa kukila nyumbani, futa ratiba yangu yote.

Yaliyobaki nayataja mbio. Kanisa la Notre-Dame de la Garde, juu ya mlima, panda kwa basi namba 60, kwa miguu ni adhabu. Tazama modeli za meli zilizoning'inizwa darini na matundu ya risasi ya Agosti 1944 ukutani, wakati askari wa Algeria walikuwa mbele kuukomboa mlima ule. Mpira: uwanja wa Vélodrome unachukua watu 67,000, na mji bado unaishi mwaka 1993, Basile Boli wa timu ya mji alipoifunga Milan kwa kichwa kwenye fainali ya Ulaya. Jengo la Le Corbusier, lililokamilika mwaka 1952, ni kwa wapenda usanifu. Wenyeji waliliita nyumba ya mwehu. Kituo cha treni cha Saint-Charles kina ngazi 104, na pembeni mwake wamelala wanawake wawili wa mawe, mmoja ni "makoloni ya Asia", mwingine "makoloni ya Afrika". Wageni wangu huwa nawaacha hapo dakika tano bila kusema kitu.

Nimeandika haya usiku. Utabiri wa kesho unasema mistral, kilomita 80 kwa saa, na saa mbili asubuhi nina wageni watano wa Dar es Salaam wanaotaka kwenda If. Nimeshawatumia ujumbe: masweta, viatu vya kufunga, tunaanzia Le Panier.