Gari la saa tisa, gari la dakika kumi

Mwenye duka la leso mtaa wa Biashara akilalamika kwamba wateja wake hawapati pa kuegesha, tazama kwanza gari lililo mbele ya mlango wake. Mara nyingi ni lake. Limefika saa mbili asubuhi, na halitatoka mpaka saa kumi na moja jioni. Simlaumu. Ada inapotozwa kwa siku, inamwambia: umeshalipa, kaa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye ugonjwa wa maegesho katikati ya Mombasa. Twasema nafasi hazitoshi, na kisiwani kweli hakuna pa kupanulia barabara. Lakini nafasi hiyo moja, kwa saa tisa hizo, ingepokea wateja kumi na wawili wa dakika 45 kila mmoja. Aliyekuja kuchukua dawa kwa dakika kumi hulipa sawa na aliyelala hapo kutwa, ndiyo maana anaamua kusimama katikati ya njia, taa zikimwekamweka, na matatu na tuktuk zote nyuma yake zinapiga honi.

Kujua hali ya mtaa si kazi ya makuu. Mtu mwenye daftari hupita kila nusu saa akiandika tarakimu tatu na herufi ya mwisho ya kila namba ya gari. Jioni utaona lipi limeonekana mara kumi na nane na lipi mara moja. Wafanyabiashara wa mtaa mmoja waweza kuifanya wenyewe Jumatatu hii.

Marehemu Donald Shoup, aliyekuwa profesa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitetea kipimo chepesi: asilimia 85 hivi ya nafasi zijae, zinazobaki ziwe wazi. Penye nafasi 20, tatu zimngoje anayefika. Zikijaa zote, bei ni ndogo mno. Nusu zikikaa tupu, bei imezidi na ishushwe. San Francisco ilianza kujaribu utaratibu wa namna hiyo 2011, bei ikibadilika mtaa kwa mtaa na kwa nyakati za siku. Kuna mitaa iliyopanda, kuna iliyoshuka.

Kwa hiyo Digo Road na kichochoro cha nyuma visitozwe sawa. Marikiti alfajiri iachiwe malori ya mboga na mikokoteni, kisha wanunuzi baadaye. Siku za kuelekea Idd zina hesabu yake. Malipo ya simu tayari tumeyazoea. Kutoza kwa saa badala ya siku hakuhitaji mtambo wa ajabu.

Wengi hudai jengo la ghorofa la maegesho. Likijengwa wakati kuegesha barabarani bado ni bei rahisi zaidi, litakuwa tupu na barabara itabaki imejaa vilevile. Bei ya barabarani itangulie, zege baadaye.

Na mnyororo wa gurudumu? Sijapata kuelewa mantiki yake pale ambapo shida ni nafasi: gari lililokaa kupita muda linafungwa likae zaidi. Faini iliyofungamanishwa na namba ya gari ingemruhusu dereva aondoke, deni likamfuata.

Watu hukataa ada wasipoona ilikokwenda. Pasadena, California, iliweka mita katika mji wake wa kale 1993 na mapato yakarudi kutengeneza mitaa hiyo hiyo, na wenye maduka waliopinga wakaja kuzikubali. Mji wa Kale wetu nao una njia za kutengenezwa, taa na mifereji.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya trafiki na maegesho, na ada hupitia mswada wa fedha wa kila mwaka, ambao lazima uletwe kwa wananchi watoe maoni. Ukienda, usiulize tu ada ni shilingi ngapi. Uliza ni kwa saa au kwa siku, kwa mtaa upi, malori yateremshe mizigo saa ngapi, na fungu gani la pesa litarudi mtaani. Na lile daftari la namba za magari, nenda nalo.