Ramani ya mifumo ya polisi: nani anaichora, na ikishachorwa inabaki kwa nani?

Ukiibiwa simu Muthurwa, Nairobi, ukaenda kituo cha polisi cha Kamukunji kuandikisha ripoti, afisa wa dawati atakupa nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Utaihitaji kwa kampuni ya simu, kwa bima, na mshukiwa akishikwa, mahakamani. Ripoti hiyo ikiwa kwenye kitabu, inakaa hapo kituoni mpaka mtu aje kufungua ukurasa wake. Ikiwa kwenye kompyuta, inaweza kumfikia mpelelezi, ikaenda DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ikafika kwa waendesha mashtaka wa ODPP, kisha mahakamani, ambako kesi za Nairobi zimekuwa zikiwasilishwa kwa njia ya kielektroniki tangu Julai 2020. Inaweza. Lakini kila ofisi kati ya hizo ina mfumo wake, na mifumo isiyozungumza haitoi huduma bora kuliko kitabu.

Kazi ya kuifanya izungumze inaitwa usanifu wa mifumo ya TEHAMA. Msanifu ndiye anayeamua ni taarifa zipi zitunzwe, zikae kwenye kanzidata ipi, nani azione, zisafiri vipi kutoka kituo hadi makao makuu, na stima ikipotea kituoni saa tisa usiku nini kifanyike ili ripoti isipotee nayo. Vikosi vingi vya polisi duniani havina wasanifu wa kutosha miongoni mwa maafisa wao, kwa hivyo vinaajiri kampuni za nje. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaingia pale kampuni moja inapochora ramani, ikauza mfumo unaotokana na ramani hiyo, kisha ikabaki peke yake ikijua mfumo unavyofanya kazi.

Hakuna mtu mwenye ploti Ruai anayemwachia mwenye duka la simiti amchoree ramani ya nyumba. Anajua itajaa simiti. Kwa mifumo ya kompyuta, ofisi za umma hulifanya jambo hilohilo bila kushtuka, kwa sababu kampuni inayouza programu huja na wataalamu wake, slaidi nzuri, na ramani ya bure. Ramani hiyo hulipiwa baadaye, kupitia leseni. Ndiyo maana hati sanifu za zabuni za serikali zinamhesabu mshauri aliyeandaa michoro au vigezo vya kiufundi kuwa na mgongano wa maslahi akirudi kuomba kazi ya kujenga. Kanuni hiyo isichukuliwe kama urasimu. Kwa maoni yangu, ndiyo kinga kubwa kuliko zote katika ununuzi wa aina hii.

Kuna kisa kimoja kutoka Uskoti ambacho ningependa kila kamati ya zabuni ikisome. Aprili 2013, vikosi vinane vya polisi vya Uskoti viliunganishwa kuwa kimoja, kila kimoja kikija na kompyuta zake na fomu zake. Mwezi Juni mwaka huohuo ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Accenture, wa pauni milioni 46.11, wa kujenga mfumo mmoja ulioitwa i6. Mpango ulikuwa kuchukua mfumo uliokuwa tayari ukitumiwa na polisi nchini Uhispania na kuurekebisha kidogo. Wiki chache baada ya saini, pande mbili zikaanza kubishana kuhusu kilichonunuliwa hasa: polisi walisoma mkataba wakaona mambo fulani yamo, kampuni ikasoma maneno yaleyale ikaona hayamo. Sehemu kubwa ikaishia kujengwa upya. Ulipofika wakati wa majaribio, kasoro zikawa nzito, na Julai 2016 mkataba ukavunjwa.

Polisi wa Uskoti hawakupoteza pesa. Mkataba wao ulikuwa umeandikwa kwa uangalifu, na kampuni ikalipa pauni milioni 24.65, ambazo ni zaidi ya maradufu ya pauni milioni 11.09 ilizokuwa imepokea. Lakini miaka mitatu ilikuwa imekwenda, na afisa aliyekuwa zamu bado alijaza fomu zilezile. Mawakili wazuri wanaweza kurudisha fedha. Hawawezi kurudisha miaka ambayo mwathiriwa wa uhalifu alihudumiwa kwa mfumo wa zamani. Ninachokiona katika kisa hicho ni kwamba mnunuzi alitia saini kabla pande zote mbili hazijaelewana, kwa lugha ya polisi na kwa lugha ya mafundi, jinsi kazi ya polisi inavyokwenda hatua kwa hatua.

Sisi Kenya tuna kumbukumbu chungu zaidi. Mikataba 18 ya usalama iliyokuja kujulikana kwa jina la Anglo Leasing ilihusu mambo kama pasipoti na maabara ya uchunguzi wa jinai. Kashfa, ya mikataba iliyopewa kampuni hewa, ilifichuka mwaka 2004, na miaka kumi baadaye, 2014, mlipa kodi bado alikuwa analipa takriban shilingi bilioni 1.4 kumaliza kesi zilizotokana nayo. Mwaka huohuo wa 2014, baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Safaricom ilipewa kazi ya mfumo wa mawasiliano na uangalizi wa polisi, ya takriban shilingi bilioni 14.9, ikiwemo kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Kazi ilitolewa kwa ununuzi wa moja kwa moja, na kamati ya Bunge ikauliza maswali kabla ya mkataba kutiwa saini. Sizitaji hizi mbili kwa sababu zinafanana; hazifanani. Nazitaja kwa sababu neno "usalama" hufanya maswali ya kawaida ya mnunuzi yaonekane kama uchokozi. Sheria inaruhusu vyombo vya usalama kununua kwa utaratibu wa siri vitu vilivyoorodheshwa hivyo. Lakini mfumo wa kutoa abstrakti, ile hati ya polisi ya kuthibitisha upotevu, kwa mtu aliyepoteza kitambulisho hauna siri inayozuia ushindani.

Zabuni ya usanifu hufa au hupona kwenye hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayotakiwa mshauri kuifanya. Sentensi ya aina hii utaikuta mara nyingi: "Mshauri ataandaa usanifu wa kisasa unaozingatia viwango vya kimataifa." Imeandikwa kwa heshima zote na haina kitu. Kampuni yoyote inaweza kuitimiza kwa kurasa mia mbili zilizonakiliwa kutoka kazi ya nchi nyingine. Ilinganishe na hii: "Mshauri atakaa kwenye vituo vitano vya polisi, kimojawapo kisicho na mtandao wa kutegemewa, na kuchora njia ya ripoti moja ya wizi kuanzia dawatini hadi hukumu, akionyesha kila mahali inaponakiliwa upya kwa mkono." Hapo kazi ina mwanzo na mwisho. Mkaguzi anaweza kuuliza vituo hivyo ni vipi. Sajini wa dawati anaweza kuiangalia michoro akasema, hapana, sisi vielelezo tunavisajili kwingine.

Vigezo navyo visitaje chapa. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inakataza kutaja jina la biashara katika vigezo vya kiufundi isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hata hapo maneno "au kinacholingana nacho" lazima yawepo. Ukiona tangazo la tenda linaeleza seva kwa undani unaofaa kampuni moja tu, basi ramani ilishachorwa na muuzaji.

Kuhusu tathmini sitachukua muda mrefu. Usanifu ni huduma ya ushauri, kwa hivyo bahasha ya kiufundi inatangulia na ya bei inafuata, na uzito mkubwa uwe kwenye ubora. Jambo ambalo kamati husahau ni kuwahoji watu walioandikwa kwenye pendekezo. Wasifu wa msanifu mkuu hupendeza, kazi ikishapatikana anatumwa kijana aliyemaliza chuo juzi. Mkataba utaje watu kwa majina, na akibadilishwa mmoja, mnunuzi aidhinishe anayekuja. Kila atakayegusa mifumo ya polisi achunguzwe usalama wake kabla ya kupewa nywila, wala si baadaye. Mzabuni asiyeridhika ana siku 14 za kwenda PPARB, bodi inayosikiliza malalamiko ya zabuni, nayo ina siku 21 za kuamua. Ratiba ya mradi isiyohesabu siku hizo imeandikwa kwa matumaini.

Halafu kuna nyongeza. Bei ya kuingilia huwa ndogo, kisha zinakuja "kazi za ziada". Sheria inaweka mpaka: kiasi cha bidhaa au huduma kisiongezeke zaidi ya asilimia 15 ya kilichokubaliwa, na mabadiliko yote kwa jumla yasizidi asilimia 25 ya bei ya awali. Mradi unaofika kwenye mpaka huo mapema unaonyesha kwamba mnunuzi hakujua anachotaka.

Data ya polisi si data ya kawaida. Humo mna jina la mtoto aliyenajisiwa, anwani ya shahidi, alama za vidole za mtu aliyeachiliwa bila hatia, na za maelfu ya vijana walioomba cheti cha maadili mema ili wapate kazi. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kampuni inayochakata data kwa niaba ya polisi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Data ikivuja, kampuni inapaswa kuwajulisha polisi bila kuchelewa, ndani ya saa 48 ikiwezekana, nao wamjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Saa hizo hazitoshi kama ramani haionyeshi data iko wapi. Msanifu mzuri huanza kwa kuuliza swali hilo, na huuliza pia mfanyakazi wa kampuni akiacha kazi Ijumaa, ufunguo wake wa kuingilia unafungwa na nani, na saa ngapi.

Jambo la mwisho, nalo ndilo linalonikera zaidi, ni makabidhiano. Kampuni inaondoka, inaacha faili la PDF lisiloweza kuhaririwa, na afisa wa TEHAMA aliyeteuliwa "kupokea ujuzi" alihamishwa kituo miezi mitatu kabla. Mkataba useme kwamba michoro, misimbo chanzo na maelezo yote ni mali ya Huduma ya Taifa ya Polisi, katika muundo unaoweza kuhaririwa. Useme kwamba maafisa waliotajwa watafanya kazi bega kwa bega na wasanifu tangu wiki ya kwanza, na kwamba malipo ya mwisho hayatoki mpaka maafisa hao wabadilishe sehemu moja ya mfumo wenyewe, mwanakandarasi akiwa ameketi pembeni bila kugusa kibodi. Makao makuu nayo yawaache wabaki kwenye kazi hiyo.

Mwananchi anayetaka kujua mkataba wowote kati ya hii umefikia wapi ana haki ya kuuliza. Sheria ya Upataji Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma, ikishatia saini mkataba, ichapishe kazi yenyewe, kiasi cha fedha, jina la aliyepewa na muda wa kukamilisha. Kisichochapishwa kinaombwa kwa barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wakikataa kwa sababu ya usalama wa taifa, waombe waeleze sababu hiyo kwa maandishi, kisha ipeleke barua yao kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina mamlaka ya kupitia uamuzi huo.